Mchango wa Lifti

Kwa miaka mingi mama yangu alikuwa akisema uongo mmoja kila Alhamisi, na uongo wenyewe ulikuwa neno moja tu: treni.

Sisi tunakaa Queensbury, kaskazini-magharibi ya London, na mdogo wake Mama anakaa Stratford, mashariki. Reli inayopita kwetu ndiyo hiyo hiyo inayofika kwao. Unapanda hapa, unakaa, unashuka kule, hubadilishi kitu. Ndugu wale wawili waliondoka Unguja pamoja wakiwa wasichana, wakahangaika nchi hii na ile kabla ya kupata hifadhi hapa, na Mama aliamini kabisa kwamba Mungu ndiye aliyeipinda ile reli makusudi ili ifike mlangoni kwa mdogo wake.

Kila Alhamisi asubuhi Mama Mdogo alimngoja na chai ya maziwa yenye hiliki. Kila Alhamisi Mama alifika chai imeshapoa. Mama Mdogo alikuwa akifungua mlango mwenyewe, na kabla ya salamu, kabla ya kitu chochote, anasema, "Umechelewa." Mama anavua viatu bila haraka na kujibu, "Treni." Hapo ndipo wanaposalimiana, wanapobusiana mikono na kuulizana hali kama watu wasiozungumza kwenye simu jana yake usiku.

Mimi mwanawe niliujua ukweli, na mwenye duka pale chini ya stesheni aliujua zaidi. Mama alikuwa hacheleweshwi na treni, alichelewa dukani. Mwenye duka ni Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Anauza muhogo, ndizi mbichi, bamia na habari. Mama alikuwa akiingia kununua limau, na hatoki mpaka amevunja uchumba mmoja na kufunga mwingine. Treni zinanguruma juu ya dari, mwenye duka anainua kidole na kusema, "Hiyo imeenda, mama." Naye anajibu, "Iache iende, nitapanda ya nyuma yake." Mimi ningekuwa treni ningefungua kesi ya kuchafuliwa jina.

Sisemi kwamba reli yetu haina makosa. Imezeeka, na uzee wake haufichiki. Siku nyingine inasimama gizani katikati ya stesheni mbili, bila sababu, kisha dereva anaomba radhi kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiomba radhi tangu alfajiri. Na stesheni ya kwetu, ambayo siitaji isije ikaninunia, ilijengwa Mama hajazaliwa. Aliyeijenga lazima alikuwa kijana. Treni ziko juu, mtaa uko chini, na katikati ni ngazi. Hakuna lifti, hakuna ngazi za umeme, hakuna njia ya mzunguko. Ni miguu yako na Mola wako.

Basi goti la Mama likastaafu. Daktari alieleza mengi, akaonyesha na picha, lakini la maana lilikuwa moja: penye tambarare atembee, ngazi asipande.

Najua mtu ataniuliza, kwani teksi hakuna? Mama akipanda gari anatapika. Ni maumbile yake tangu mdogo, na London hakuna safari ya gari iliyo fupi. Kwani basi hakuna? Tulipanda basi mpaka stesheni nyingine yenye lifti. Mara ya kwanza tuliikuta lifti imefungwa kwa utepe wa manjano. Mara ya pili utepe umeondolewa, badala yake pamebandikwa karatasi ya kuomba radhi. Mama akaniambia nimsomee. Nilipomaliza akaigonga ile lifti kwa fimbo yake, taratibu, akasema, "Basi na huyu mgonjwa mwenzangu, tumwache apumzike." Hakukubali kurudi tena, na mimi nikimjua sikumbembeleza.

Alhamisi zikaanza kupita bila Stratford. Mama alivaa baibui lake saa ile ile, akashuka dukani kwa fimbo, akakaa kwenye kreti la soda. Siku ya kwanza treni iliponguruma juu, mwenye duka kwa mazoea akainua kidole. "Hiyo imeenda, mama." Kisha akatambua alichosema, akageuka kupanga bamia ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Na shida haikuwa Alhamisi peke yake. Mama Mdogo alikuwa ameanza kusahau. Alianza na majina ya wajukuu, jambo ambalo hatukulijali kwa sababu wajukuu wenyewe wamepewa majina magumu. Halafu siku moja Mama alimpigia simu, akasalimu, na Mama Mdogo akajibu kwa adabu zote, "Ahsante mwanangu, hatuhitaji, tumeshabadilisha kampuni ya umeme." Akakata. Tulicheka mpaka machozi, na Mama alicheka kutushinda. Kesho yake akapiga tena, akakatiwa tena, na safari hii hakucheka mtu.

Binti yake Mama Mdogo, dada yangu huyo, ndiye anayemtunza. Alituambia kuwa sauti peke yake haimfikii mama yake, na uso wa kwenye simu anaudhani ni televisheni, na kumtoa nyumbani kunamchanganya zaidi, lakini akiona uso wa mtu mlangoni kwake anashika. "Mlete," aliniambia. "Mlete upesi. Juzi kaniuliza kama yeye ana dada."

Nilipomfikishia Mama maneno hayo alikaa jikoni akamenya vitunguu ambavyo hatukuwa na haja navyo. Niliona uchungu sana. Na mimi nikiona uchungu nakasirika, na nikikasirika natafuta ofisi ya kugombana nayo.

Ofisi ikajileta yenyewe. Pale stesheni palibandikwa tangazo kwamba watu wa usafiri watakuja kwenye ukumbi wa mtaa kuzungumza na wakazi juu ya kuitengeneza reli, na namna ya kupata fedha za kuitengenezea. Nikabadilishana zamu kazini kwangu, kwenye ghala moja la mizigo huko Hayes, nikaenda nikiwa nimeshapanga matusi yangu yote kwa Kiingereza fasaha. Mama akasema anakuja na mimi. Akakaanga kachori bakuli zima, kwa sababu kwa maoni yake mkutano usio na kitu cha kutafuna ni kesi.

Ukumbini tulimkuta mwenye duka, na karibu yake Kalasinga mmoja, jina ambalo analitumia mwenyewe kwa majigambo. Huyu ni fundi seremala mstaafu, kazaliwa Nairobi katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na baba yake aliranda mbao za mabehewa maisha yake yote. Mtu akisema neno reli mbele yake anakuwa kama aliyesikia jina la ukoo wake. Walikuwepo pia bibi wa Kiingereza kadhaa, na mbwa. Mbele alisimama afisa wa usafiri, mrefu, mwembamba, tai imemshinda shingoni. Uso wake ulikuwa wa mtu mwema, jambo lililonivurugia matusi yangu mapema sana.

Nilikaa ubavuni kwa Mama nimtafsirie. Lazima niseme kwamba kutafsiri ni kazi yenye majaribu.

Afisa akaanza. Reli ni kuukuu, alisema, nyaya zake kuukuu, ishara zake kuukuu, na kila stesheni inalia lake. Fedha zipo za kuiendesha isisimame, si za kuifanya mpya. Kwa hiyo tufikiri pamoja zitoke wapi. Njia ya kwanza, nauli ipande.

"Mwambie apandishe," Mama alinong'ona. "Sisi wazee tunapanda bure."

Nikasimama nikasema kwamba mama yangu anaona suala hilo linataka kuangaliwa kwa makini.

Njia ya pili, serikali kuu itoe. Afisa aliposema hivyo akatabasamu mwenyewe, na Mama akaniuliza anacheka nini. Nikamwambia. Akacheka na yeye.

Njia ya tatu, biashara zilizo karibu na stesheni zilipe kodi kidogo ya ziada. Mwenye duka akainuka kabla sentensi haijamalizika. Alisema kwa Kiingereza kwamba anaheshimu wazo hilo, kisha akatugeukia sisi. "Sasa hiyo lifti yote itoke kwa duka yangu? Nitauza limau bei ya gari?"

Hapo Mama akanivuta mkono wa shati. Karibu na stesheni kuna uwanja wa kuegesha magari, na kila mtu alijua kuna kampuni inayotaka kujenga magorofa hapo. "Hebu muulize," alisema. "Lifti ikiwepo, zile nyumba hazitapanda bei? Basi wao ndio wenye harusi. Mwenye harusi anakaa kimya, waalikwa ndio wanunue mchele?"

Hiyo niliitafsiri kama ilivyo, mchele na yote. Afisa akamwangalia Mama kwa heshima, akasema ahsante, hiyo ndiyo njia ya nne na iko kwenye picha inayofuata. Akabonya rimoti, akaionyesha ukutani. Kweli ilikuwepo, ila bila mchele. Lakini mazungumzo na kampuni hiyo, alisema, ni marefu, yanaweza kuzaa na yanaweza yasizae. Kisha akaiweka chini ile rimoti yake, mikono ikamlegea, akatutazama usoni. "Kwa sasa," alisema, "kwa stesheni hii, lazima niwe mkweli kwenu. Fedha hatuna."

Akabaki amesimama.

Sasa, kwetu sisi mtu mzima hasimami mbele za watu akasema hana, halafu akaachwa amesimama hivi hivi. Akifanya hivyo ameshavua aibu yake mbele yenu, amefungua mchango, na ni dhambi kumwacha akae chini kabla hajatokea mtu wa kumstahi. Harusi zetu zote zimepita kwa mlango huo, na misiba, na karo za watoto. Mama hakungoja tafsiri. Aliuona uso, akaiona mikono.

"Masikini ya Mungu," alisema. "Na wewe si ungeniambia mapema kama ni mchango?"

"Mama, si mchango."

"Mtu kasimama kasema hana. Wewe unataka apige na magoti?"

Akajikongoja mpaka mbele, akavua bangili yake ya dhahabu, akaiweka juu ya meza ya afisa, kando ya kompyuta. "Mimi nimefungua," akasema, na akanitazama kwa jicho ambalo tangu utoto wangu sijawahi kulishinda.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yule wa Kisumu amekulia kwenye harambee za Kenya. Mkono wake ulikuwa mfukoni kabla akili yake haijakumbuka kwamba dakika tano nyuma alikuwa anapinga kodi. Akaweka noti mezani kwa kishindo. Kalasinga hakukubali kushindwa na muuza muhogo. "Baba yangu alichangia kila shule ya mtaa wetu," alisema, na yeye akaweka. Mtu mmoja akazimwaga kwenye sahani biskuti zilizobaki kwenye kopo lake, kopo likawa tupu, likaanza kuzunguka. Wale bibi wa Kiingereza waliangaliana, wakaona vibaya kuwa wao peke yao, wakafungua vibeti.

Na kwa kuwa mchango usiotangazwa ni kama haukutolewa, Mama aliniamuru nitangaze. Basi mimi, niliyekuja kugombana, nikajikuta nimesimama ukumbini nikiita kwa sauti, "Mwenye duka! Wa Kisumu, sasa wa Queensbury!" Watu makofi. "Bibi wa mbwa mweupe!" Makofi. Mbwa akabweka. Ukweli ni kwamba nilianza kufurahi.

Afisa alikuwa mwekundu kama pilipili hoho. Alieleza mara tatu, kila mara kwa upole zaidi, kwamba hana ruhusa ya kupokea hata senti, kwamba ofisini kwao hakuna mahali pa kuziweka fedha za namna hiyo, na kwamba sasa ana wasiwasi hata na zile kachori alizokula, kama inabidi aziripoti. Akalichukua kopo kwa mikono miwili, akampa Mama.

Mama akarudisha mikono nyuma. Mchango haurudi kwa mtoaji, alisema. Hata harusi ikivunjika, chakula kinapikwa na watu wanakula. Kopo likabaki mezani, halina mwenyewe, mpaka Mama akakubali kulishika kama mweka hazina, cheo alichojipa pale pale. Bangili tu ndiyo aliyoirudisha mkononi. Dhahabu ile, alinieleza, haikuwa mchango, ilikuwa ya kutia watu moyo.

Tulitoka nje tukicheka, lakini nyumbani kicheko kilikwisha. Nilimwambia Mama kweli yake: hata kama lifti ingekubaliwa leo, kuichora na kuijenga kungechukua miaka.

"Mimi miaka labda ninayo," alisema. "Mdogo wangu hana."

Kesho yake alinipeleka dukani. Mwenye duka alikuwepo, Kalasinga alikuwepo kuchukua viazi vyake, na mwadhini wa msikiti wetu naye alikuwa amepita kununua tende. Mama akakaa kwenye kreti lake, akaliweka kopo magotini.

"Nikifa," alisema, "mtanibeba?"

Tukaruka sote kwa pamoja. Mungu apishe mbali, mama. Usiseme hivyo, mama.

"Sikuuliza dua. Nimeuliza mtanibeba?"

Tukasema tutakubeba.

"Mtanibeba kwa kugombania. Nimeona mazishi mimi. Jeneza likitoka kila mtu anataka bega lake liingie. Hata asiyemjua maiti atavuka barabara apate hatua mbili za thawabu. Nitapandishwa, nitateremshwa, nitapitishwa popote, na goti hakuna atakayeniuliza." Akamgeukia mwenye duka. "Na wewe Mhindi wangu utakuja."

"Nitakuja, mama," alisema mwenye duka.

"Basi nileteeni hizo thawabu sasa, ningali na macho ya kuona nani anabeba na nani kashikashika tu. Ngazi ni hizo hapo juu. Alhamisi nataka kwenda kwa mdogo wangu."

Mwadhini, mtu wa kusoma, aliweka tende zake chini atoe hoja, akatanguliwa. Kalasinga ndiye aliyejibu. "Hata sisi tunabeba," alisema. "Bega ni bega." Akachukua kopo na kukipima kiwiliwili cha Mama kwa macho, kama fundi, Mama akajifanya hakuona.

Mbao zilinunuliwa kwa mchango ule, na mikanda. Kalasinga alitengeneza kiti chenye mikono miwili mirefu mbele na nyuma, cha kubebwa na watu wanne, akakiranda mpaka kikateleza, akasema baba yake asingekionea haya. Mama alitaka mto. Ukaletwa mto. Akaukataa kwa rangi, ukaletwa mwingine.

Alhamisi ilipofika tulikuwa watatu. Mwadhini alikuwa ameitwa asubuhi kwenye mazishi huko Hayes. Mama, ameshakaa kitini na baibui lake na mkate wa kumimina magotini kwa ajili ya mdogo wake, aliipokea habari hiyo kwa uchungu. "Mnaona?" alisema. "Maiti hakosi watu."

Tukiwa tunashauriana, yule afisa akatokea na kizibao chake cha rangi ya chungwa. Mwenye duka alikuwa ameitangaza safari yetu kwa kila aliyenunua nyanya, na habari zilikuwa zimefika mpaka ofisini. Alikuja kutuambia kwamba haiwezekani. Ni hatari, hairuhusiwi, mtu akianguka nani atajibu? Aliyasema yote kwa huruma, na nilimtafsiria Mama kwa uaminifu, neno kwa neno.

"Mwambie kala kachori zangu," alisema Mama.

Na hilo nalo nililitafsiri kwa uaminifu.

Afisa akaziangalia ngazi. Akamwangalia Mama, akaiangalia ile pembe ya kiti isiyo na mtu. Akauliza, anakwenda wapi? Nikamweleza habari ya Mama Mdogo, ya simu na kampuni ya umeme, na ya swali lile kama ana dada. Nilikuwa sijapanga kumweleza. Alivua kizibao, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kaunta ya duka kando ya limau, akasema kwamba kuanzia sasa hivi yuko kwenye mapumziko ya chai.

Tukanyanyua. Mama si mwepesi, na hili nalisema kwa mapenzi. Kalasinga alipiga kelele, "Harambee!" na mwenye duka akaitika, "Heee!" na mfanyakazi wa stesheni aliyekuwa penye mageti akaanza kuitazama saa ya ukutani kwa makini sana. Vidato vya kwanza vilikwenda kwa majivuno. Vilivyofuata vilikwenda kwa dua. Katikati ya ngazi mwenye duka alianza kupumua kama mvukuto.

"Upande wa Kisumu umelegea!" alisema Mama kutoka juu.

Hapo likatokea ambalo sikulitarajia katika mji huu, ambao watu wanaweza kukaa goti kwa goti mwaka mzima wasijuane majina. Mtu mmoja mwenye mabuti ya ujenzi, aliyekuwa anashuka, aligeuka bila kusema neno, akaingiza bega lake pale pa mwenye duka. Hatua chache mbele muuguzi mwenye sare akashika kwa Kalasinga. Alifuata mwanamume mwenye suti aliyeweka simu mfukoni kwanza, akanipokea mimi. Hawakutuuliza sisi ni nani wala tunampeleka wapi huyu mama. Walipokezana kama vile wamezaliwa Unguja wote, na Mama aliwaitikia kila mmoja, "Mungu akuweke, mwanangu," huku akipunga mkono kushoto na kulia kama bibi harusi. Afisa peke yake hakukubali kupokewa. Alipofika juu, tai ilikuwa mgongoni.

Wenye subira watataka kujua habari ya lifti, basi niimalize. Mazungumzo yale marefu yalizaa. Kampuni ya magorofa imekubali kulipa sehemu kubwa, mji utalipa iliyobaki, na mwenye harusi amenunua mchele. Sijui afisa aliwaambia nini wakubwa zake. Yeye anasema aliwaambia hesabu tu, lakini najua bega lilimuuma muda mrefu. Sasa pale chini pamezungushwa mabati ya buluu, wanachimba, na mwenye duka analalamikia vumbi asubuhi na jioni anasifu jinsi bei ya duka lake inavyopanda. Sisi bado tunabeba kila Alhamisi, na mapumziko ya chai ya afisa yanaangukia kwetu mara nyingi kuliko ilivyo kawaida. Mama amekwisha kuanza kuilaumu hiyo lifti kabla haijafika. Anasema haitakuwa na maneno.

Lakini nimemwacha Mama kwenye treni. Siku ile ya kwanza alikaa dirishani, ameukumbatia mkate wake. Tulisimama gizani njiani, dereva akaomba radhi, tukaenda tena. Stratford wana lifti, na iliamka. Tulitembea taratibu, yeye na fimbo yake, mimi nikimwombea mambo ambayo sikuthubutu kuyatamka. Mlangoni alinikataza nisibonye kengele, akaibonya mwenyewe.

Mama Mdogo alifungua. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni. Mama Mdogo alikuwa amekonda. Alimwangalia Mama usoni, akaangalia fimbo, akaangalia mkate, akarudi usoni.

"Umechelewa," alisema Mama Mdogo.

Mama akaegemea mlango, akaanza kuvua viatu.

"Treni," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile ilikuwa kweli.